Gari Lako Nimempa Esta

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini mdomo wangu haujui kuanza nawe kwa namna nyingine. Nakuandikia kuhusu gari lako, maana nimelifanyia jambo ambalo wazee wa ukoo hawakulipenda. Kabla hawajanihukumu, nataka ulisikie kwangu.

Unakumbuka lilivyoingia Chiungutwa? Zilikuwa enzi za ruksa, wanunuzi binafsi wameanza kuja kutafuta korosho, na msimu ule ulikuneemesha. Wenzako waliezeka bati. Wewe ukaenda Dar es Salaam, ukarudi na gari dogo jeupe, mtumba wa Japani, lenye maandishi ya huko kwenye kioo cha nyuma. Watu wakakutania kwamba umenunua gari la kumpeleka bibi harusi sokoni. Maandishi yale hukuyabandua. "Hilo ndilo jina lake la ubatizo," ulisema. "Sisi ni nani hata tulibatize mara ya pili?"

Halikuwa gari la kutishia mtu. Malori ya korosho yalilipita yakiliachia vumbi. Lakini lilikuwa na tabia njema, Mjomba, na hiyo ndiyo niliyoipenda. Liliwaka mara moja hata asubuhi ya baridi. Halikunywa mafuta kwa pupa. Mlango wa nyuma wa kushoto ulifunguka kwa nje tu, kwa hiyo kila safari ulishuka, ukazunguka, ukatufungulia mimi na Esta, binti yako, kama wake wa wakubwa. Viti vilinuka maganda ya machungwa na sabuni ya kufulia. Tulibanana watano mahali pa watatu na hakuna aliyelalamika.

Kila mwisho wa mwezi tulipanda Newala kwa Bibi. Buti lilijaa madumu ya maji, maana kule juu maji ni shida, na hukutaka mama yako aombe kwa majirani. Tulipofika chini ya mlima ulizima redio. "Nyamazeni, mwenzetu anafanya kazi." Tukanyamaza kweli, mimi na Esta tumeshikana mikono, mpaka juu kabisa.

Ulinifundisha mimi kuendesha, si Esta. Uliniambia waziwazi, "Mpwa wangu, hili litakuja kuwa lako." Ndiyo mila yetu: mali ya mjomba huenda kwa mtoto wa dada yake, na watoto wake wa kuwazaa hutazamia kwa wajomba zao. Esta alikuwa kwenye kiti cha nyuma siku hiyo. Nilifurahi mno, wala sikugeuka kumtazama.

Ulipougua, mimi nilikuwa na kazi Masasi, nikawa nakuja Jumapili kwa Jumapili. Esta ndiye aliyekuogesha na kukugeuza kitandani. Kuendesha akajifunza mwenyewe, kwanza kwa kuzunguka mikorosho, kisha mpaka zahanati. Kila asubuhi aliliwasha gari ili betri isife, na wewe ukisikia ule muungurumo ndipo ulipokubali kunywa uji. Hilo mimi nililijua kwa kuambiwa.

Baada ya arobaini wazee walinikabidhi ufunguo mbele ya watu. Niliupokea kwa mikono miwili, nikaondoka na gari lako, na Masasi nzima ikaniona.

Mwezi uliofuata nikaenda asubuhi kumsalimia Esta. Nilipofika uani niliacha injini iungurume kidogo kabla ya kuizima, kama ulivyonizoesha. Esta akatoka jikoni mbio, bakuli la uji mkononi, akielekea chumbani kwako. Katikati ya ua akasimama. Akalitazama bakuli, kisha akanitazama.

"Nimejisahau, dada," akasema. "Nimesikia gari."

Nililia kuliko nilivyolia msibani. Baadaye tuliunywa uji ule pamoja, tumekaa jikoni.

Mjomba, nililitaka gari lako ili kila mtu aone kwamba ulinipenda. Sikuwa na sababu nyingine. Siku ileile nikampa Esta ufunguo. Akaukataa mara mbili. "Wazee watakuandama," akasema. Nikamwambia acha waniandame. Jirani akanipakia kwenye baiskeli yake mpaka barabara kuu, nikangoja basi la Masasi.

Na kweli wamekasirika. Wameniita Newala Jumamosi nikaeleze kwa nini nimetoa mali ya ukoo nje ya ukoo, maana Esta huhesabiwa wa ukoo wa mama yake. Naogopa, sikufichi. Kwenye baraza kama hilo ni mjomba ndiye humsemea mtu, na wangu ni wewe. Nitawaambia kwamba sikuidharau mila. Nilichopewa nilikipokea, na kilichokuwa changu nikampa aliyestahili. Kama nimekosea, niwie radhi wewe kwanza, hao wengine watafuata.

Jana mama mmoja wa Chiungutwa alinikuta sokoni hapa Masasi, akanipa salamu za Esta. Amesema Jumamosi nisihangaike na basi. "Mwambie dada anisubiri, nitampitia na gari langu." Nilimwomba yule mama ayarudie maneno hayo, akayarudia. Sijapata kumsikia Esta akisema kitu ni chake.

Kwaheri, Mjomba. Tutapita kaburini kwako kabla ya kupanda mlima, na mimi utaniona kwenye kiti cha abiria.

Mpwa wako