Daktari wa Ukoo Wetu

Lanham, Maryland
8 Februari 1998

Kwako Dada Leokadia,

Pokea salamu za moto, maana huku nilipo baridi inakata masikio. Hujambo? Mguu unaendeleaje? Na barabara ya Kamachumu, mvua za El Nino zimewabakizia hata kipande cha kupita? Sisi wazima. Edna ameanza kuizoea Amerika, sasa anavaa soksi mbili tu badala ya tatu. Anakusalimu sana wifi yake.

Dada, kaa chini usikie. Mdogo wako sasa ni mtu wa bima. Nimetimiza miezi mitatu pale kwenye dobi la hoteli, bosi akaniita ofisini, akasema nina haki ya bima ya afya, mimi na mke wangu, ila nichague ndani ya siku thelathini. Akanibebesha makaratasi ya kujaza gunia. Nimeyasoma yote. Unajua Kiingereza nilikiacha kidato cha pili kwa sababu kilikuwa kimeshanitosha.

Ziko bima mbili. Moja ya wenye nazo: unaumwa, unakwenda kwa daktari yeyote roho ipendaye. Nyingine ya kina sisi: unachagua daktari mmoja kwenye kitabu chao, na huyo ndiye mlango. Ukiumwa moyo, jicho, kidole, unaanza kwake. Asipokuandikia rufaa, hospitali wanakutazama kama umekuja kuuza karanga.

Wenzangu walichagua huku wamefumba macho. Gervais, Mkongo tunayekunja naye mashuka, kachukua daktari aliye jirani na kituo cha basi. Nikamwambia, "Weye Gervais, daktari si duka la mkate." Akanijibu, "Papa Laurean, mimi nikiumwa sitaki safari." Mimi nilikaa na kitabu kile siku nne, kinene kama misale ya padri. Kufika herufi R nikaruka juu, Edna akadhani nimeumwa na nge. Rutabingwa! Method Rutabingwa, Manassas, Virginia! Nikapiga simu palepale. Nikamtaja baba, akamtaja babu. Ni ukoo wetu mtupu, dada! Nimemwandika yeye, kwangu na kwa Edna. Sasa niambie, katika Watanzania wote wa Washington, nani mwingine anatibiwa na baba yake mdogo?

Mdogo wako asiyeshindwa,
Laurean


Kamachumu
6 Machi 1998

Mdogo wangu Laurean,

Barua yako imefika jana, imelowa lakini inasomeka. Namshukuru Mungu kwa uzima wenu. Mguu bado unanisumbua nikisimama sana darasani. Migomba mingine imeanguka kwa mvua, na simu ya misheni imekufa tangu Krismasi, kwa hiyo usihangaike kupiga.

Nimecheka peke yangu kama kichaa. Lakini neno moja. Edna ulimuuliza? Huyo Method nimemkumbuka, baba yake na babu yetu ni ndugu. Kwako ni baba mdogo, atakupiga kifuani mtacheka. Kwa Edna ni baba mkwe. Wewe umeona wapi mwanamke wa kwetu akamvulia blauzi baba mkwe wake? Kuna maradhi ambayo mwanamke hata mumewe humficha. Tafuta kwenye hicho kitabu daktari mwanamke umwandikie mkeo. Usicheke, Laurean. Fanya.

Dada yako,
Leokadia


Lanham
5 Aprili 1998

Dada mpendwa,

Amani kwako na kwa watoto wote wa darasa lako. Pole na mguu, paka mafuta niliyotuma kwa yule kijana wa Muleba. Sisi tupo, tunakula, tunalala.

Ushauri wako umefika nimeshasaini, na tumeshakwenda kwa mzee. Sikiliza safari yenyewe. Treni ya Manassas, dada, ina akili zake: asubuhi inaleta watu mjini, jioni inawarudisha. Sisi tunaotoka mjini tunapanda ile ya jioni. Tumefika, mzee anafunga mlango! Kuniona akajua, akasema, "Huyu ana paji la kwetu," akafungua tena. Edna palepale kwenye zulia la kliniki akapiga magoti kumsalimu. Mzee machozi yakamlengalenga. Anasema ana miaka ishirini hajasalimiwa hivyo.

Basi akaniangalia mimi presha, tumbo, kila kitu, tukapiga soga za nyumbani. Akamgeukia Edna, "Nawe binti, unaumwa nini?" Edna, macho chini, "Kichwa tu, baba." Akampa vidonge. Halafu, dada, mzee mzima akatupakia kwenye gari lake akatuleta mpaka mlangoni kwetu Lanham! Kesho yake nawasimulia dobini, wanasema nawapiga kamba. Daktari gani wa Amerika anamrudisha mgonjwa nyumbani?

Edna naye ameanza ya kwako. Ameniuliza kama hawezi kubadilishiwa, apewe daktari mwanamke. Nikamwambia, "Mzee ametubeba saa nzima ya barabara, leo umwandikie barua kwamba humtaki? Unamdharau?" Akanyamaza. Wanawake mnanyamaza vizuri.

Ndimi fahari yenu,
Laurean


Kamachumu
24 Juni 1998

Laurean,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi si mzima, na sababu si mguu.

Edna ameniandikia. Barua yake ya mwezi wa tano nimeipata Jumamosi. Ana uvimbe kwenye titi la kushoto. Anasema mlipochagua bima ulikuwa kama punje ya harage, akadhani utapita. Sasa ni kama ndimu changa, na ngozi ya juu imevutika. Siku ile Manassas alikwenda kwa ajili ya huo, si kichwa. Anasema alijaribu kufungua mdomo, akaona sura ya baba mkwe, akashindwa. Amekwenda peke yake hospitali moja karibu na kwenu, wakamwambia bila rufaa ya daktari wake bima haitalipa. Akarudi nyumbani kupika.

Jana nimepanda gari la misheni hadi posta ya Bukoba nikupigie. Simu ikaita, nikasikia sauti yako inaongea Kiingereza, muziki nyuma. Nikasema, "Laurean, nisikilize." Wewe unaendelea tu. Nikapiga tena, wewe yule yule na Kiingereza chako. Fedha ikaisha. Nimerudi na matope mpaka magotini.

Ukisoma hapa usimalize barua. Nenda kwa mkeo.

Leokadia


Lanham
19 Julai 1998

Dada Leokadia,

Salamu. Sina nyingi. Ile sauti ilikuwa mashine ya kupokea simu, si mimi. Ujumbe wako niliusikia, jina langu tu mara mbili, nikajua kuna msiba, nikawa nasubiri kuambiwa nani.

Nilikwenda jikoni barua ikiwa mkononi. Edna alikuwa anamenya ndizi. Hakugeuka. Akasema, "Wifi amekwambia?" Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia mimi mumeo? Akasema, "Nilikwambia nataka daktari mwanamke." Akaendelea kumenya.

Nikawapigia watu wa bima. Sauti za mashine, bonyeza moja, bonyeza nne, hatimaye mtu. Naweza kubadilisha daktari, anasema, hata leo, ila ataanza kazi tarehe moja ya mwezi ujao. Halafu huyo mpya lazima amwone kwanza, ndipo aandike rufaa. Nikamwambia, "Mama, mke wangu ana uvimbe." Akasema, "Naelewa, bwana," akanisomea maneno yale yale tangu juu.

Nikaomba ruhusa kazini, Gervais akazikunja shuka zangu na zake, nikaenda Manassas peke yangu. Nilimweleza mzee nimesimama. Akavua miwani. Akasema, "Laurean, alipopiga magoti nilijua hataniambia kitu. Angekuwa Mzungu ningemuuliza mara tatu, ningemwita nesi akae naye. Kwa Edna niliona haya. Mimi, daktari." Rufaa aliiandika palepale, dada. Haikuzidi dakika mbili. Hakuhitaji kumgusa. Kumbe siku zote ilikuwa dakika mbili.

Nafasi ya karibu kwa daktari wa matiti ni tarehe 6 Agosti. Nimewasihi waisogeze mbele. Nimejaribu hata kuwachekesha.

Tuombee.
Laurean


Lanham
30 Agosti 1998

Dada yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Natumaini mguu umepona, na mvua imekwisha.

Walimchoma sindano wakachukua nyama ya kupima. Alhamisi tuliitwa kwa majibu. Daktari ni msichana mdogo, mwanamke kama mlivyotaka, mpole. Wakauliza kama tunahitaji mkalimani, nikasema mimi ndiye. Edna akakaa hapa, daktari pale, mimi katikati.

Daktari akaongea polepole, ananitazama mimi. Akasema gonjwa limeshatoka kwenye titi. Liko kwapani na liko kwenye ini. Akasema zipo dawa za kulichelewesha, za kuliondoa hazipo. Nikamuuliza, je, tungekuja Februari? Akasema swali hilo halitatusaidia sasa. Akanyamaza ili nimtafsirie mgonjwa.

Edna akanigeukia. Dada, alikuwa amevaa lile gauni la bluu ulilomshonea. Akaniuliza, "Anasemaje?"

Nikasema, "Anasema wataanza dawa wiki ijayo."

Akasema, "Maneno yote yale, ndiyo hayo tu?"

Nikasema, "Wanapenda kurefusha."

Hata alicheka. Daktari alipoona anacheka akanitazama, nikatazama dirisha.

Siku tatu sasa mimi ndiye ninayejua, na leo tumekuwa wawili, mimi na wewe. Mzee Rutabingwa anapiga simu kila siku, nimemwomba asije. Kazini nimeomba shifti mbili, kisha nikairudisha moja, maana nikiwa dobini nataka kuwa nyumbani, na nikifika nyumbani sijui nikae wapi. Wewe ulinilea, wewe ulikuja kuniambia baba amekufa nikiwa darasa la nne, na ulijua pa kuanzia. Niandikie neno la kwanza tu, mengine nitayamalizia. Najua barua yako itachukua wiki tatu. Nitasubiri.

Edna amekuja hapa mezani. Anauliza kama ni barua yako, anasema nimwachie nafasi chini aandike salamu kwa wifi yake. Ameshika kalamu.

Nimemwambia karatasi imejaa.

Mdogo wako,
Laurean