Nilimjibu "Sahihi, Anayefuata"

Mpendwa Bibi Goreti,

Naomba unisaidie, na kabla hujanisaidia naomba usicheke, kwa sababu mimi ni mtu mzima, mgane, mwalimu mstaafu wa Kiingereza ambaye wanafunzi wake wa zamani hapa Nachingwea bado wanachomekea mashati wakimwona kwa mbali, na barua hii naiandika kama mvulana wa darasa la saba, tena nimefunga mlango kwa ufunguo ingawa ndani ya nyumba niko peke yangu.

Tangu mwaka jana nafundisha watu wazima Kiingereza katika ukumbi wa parokia, Jumanne na Alhamisi, watu wakishafunga biashara zao, na utaratibu wangu ni ule niliofundishwa nao mimi: kila mwanafunzi anakuja na neno moja jipya, analiandika ubaoni, anatoa maana yake kwa Kiswahili, kisha anatunga sentensi ya mfano kwa Kiingereza, na sheria yangu kuu ni kwamba mfano lazima uwe wa kweli, utoke katika maisha ya huyo aliyeutunga, maana neno ulilosemea jambo lako mwenyewe halikutoki tena kichwani, lakini neno ulilosemea uongo linapotea kabla hujafika nyumbani. Sheria hiyo niliiweka siku ambayo Bwanali, fundi baiskeli, aliandika kwamba kila asubuhi anaogelea katika bwawa lake la kuogelea. Nikamuuliza, "Bwanali, bwawa hilo liko wapi?" Akajibu, "Liko kwenye kamusi, Mwalimu." Nikalifuta. Kuanzia hapo mtu akishasoma sentensi yake darasa zima linamuuliza kwa sauti moja, "Kweli?" naye anapaswa kujibu, "Kweli tupu," ndipo mimi nasema, "Sahihi. Anayefuata."

Tukaenda vizuri. Bwanali akaleta "devastated", yaani kuvunjika moyo kabisa, akaandika jinsi alivyovunjika moyo timu ya Namungo ilipofungwa nyumbani, na tulipomuuliza kama ni kweli alijibu huku machozi yakimlengalenga. Saleh, muuza vipuri vya pikipiki, akaleta "trespass", kuingia mahali bila ruhusa, na mfano wake ulikuwa tembo walioingia katika mihogo ya kaka yake kule Kilimarondo. Maneno yalikuwa yanaingia, nami nilikuwa nalala usingizi mzuri.

Kisha akaja Mama Teddy. Jina lake ni Makrina, anashona nguo sokoni, mumewe alifariki zamani, na binti yake Teddy ameolewa Masasi. Neno lake la kwanza lilikuwa "punctual", mwenye kufika kwa wakati, na mfano wake ulisema kwamba Mwalimu wetu hufika kwa wakati, naye siku hizi anajitahidi kufika kabla ya Mwalimu. Kweli? Kweli tupu. Nikasema sahihi. Baadaye akaleta "crease", mkunjo wa nguo, akaandika kwamba shati la Mwalimu lina mkunjo mgongoni kwa sababu hakuna mtu nyumbani wa kumwambia, na siku ile, Bibi Goreti, nilifundisha somo zima nikiwa nimeegemea ukuta, na tangu hapo napiga pasi mbele, nyuma na ndani ya kola. Kisha akaleta "delight", furaha kubwa, akaandika kwamba akisikia chaki ya Mwalimu ikigonga ubao hupata furaha ambayo hata cherehani yake mpya haikumpa. Saleh akapiga meza. "Mwalimu, sentensi hiyo ina anwani!" Nikamwambia, "Saleh, hapa tunajifunza msamiati, hatugawi barua," nao wakacheka mpaka mlinzi wa parokia akaja kuchungulia dirishani.

Mshauri, tangu siku hiyo mimi si mtu. Naimba nikiosha vyombo. Juzi nilimwamkia shikamoo mbuzi wa jirani. Nimenunua boksi la chaki za rangi, za kazi gani sijui, maana katika miaka yangu yote ya kufundisha nimeandika kwa chaki nyeupe na nimewagombeza walioandika kwa nyingine. Binti yangu Agatha alinipigia simu kutoka Dodoma, akauliza, "Baba, mbona unachekacheka?" Nikasema nasikiliza kichekesho redioni. Akasema, "Kichekesho gani, Baba? Mimi nasikia wanasoma matangazo ya vifo."

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni la Alhamisi ya wiki ya juzi. Mama Teddy alisimama, akaandika ubaoni "unless", maana yake "isipokuwa kama", na chini yake, kwa mwandiko wake ule uliolala kidogo, akaandika kwamba mwisho wa mwezi huu atahamia Ruangwa kushona pamoja na dada yake, isipokuwa kama mtu fulani hapa Nachingwea atamwomba abaki. Akapangusa vumbi la chaki mikononi, akanigeukia. Darasa lilisahau hata kuuliza, isipokuwa Bwanali, naye kwa sauti ya mtu aliye kanisani: "Kweli?" Mama Teddy akajibu, "Kweli tupu," akiniangalia mimi, si Bwanali.

Nami nilisema, "Sahihi. Anayefuata."

Saleh alishika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyeona penalti inapaa juu ya goli. Mama Teddy akarudi kwenye kiti chake. Jumanne iliyofuata akaleta "suitcase", begi la safari, na mfano wake ulikuwa mfupi kuliko yote aliyowahi kutunga: amenunua moja. Kweli? Kweli tupu.

Sasa nauliza, je, mama huyu anasema na mimi, au ni mwanafunzi mwema tu anayetii sheria ya mwalimu wake? Maana nikimkabili kumbe yalikuwa mazoezi ya msamiati, nitachekwa kuanzia sokoni mpaka parokiani, na umri huu si wa kuanza kuchekwa. Na nisipomkabili, mwezi unaisha. Nifanye nini? Tafadhali usitaje jina langu.

Mwalimu M., Nachingwea

Bibi Goreti anajibu:

Mwalimu,

Nimecheka. Nilijizuia vizuri kwenye mkunjo wa shati, lakini mbuzi alinishinda.

Jina lako nimelificha kama ulivyotaka, ingawa sidhani kama kuna Mwalimu mwingine Nachingwea, mgane, mstaafu, mwenye boksi jipya la chaki za rangi. Umejificha nyuma ya mlango wa kioo. Na hilo si jambo baya, kwa sababu inaonekana mji mzima ulishakuona, umebaki wewe tu kujiona.

Sasa nikuulize, wewe uliyezoea kuuliza wenzako. Nani aliweka sheria kwamba kila sentensi iwe ya kweli? Nani alilifuta bwawa la Bwanali? Mama Teddy si msichana. Ni mwanamke anayeheshimika sokoni na kanisani, naye amesimama mbele ya watu, amekuambia kwa lugha ya kigeni jambo ambalo wewe ulipaswa kumwambia kwa lugha ya nyumbani, na alipoulizwa kama ni kweli amejibu bila kumeza mate. Unaogopa aibu ipi? Aibu yote ameibeba yeye mwenyewe mpaka ubaoni, nawe ukampa alama.

Naelewa kwa nini uliganda. Mtu aliyekaa peke yake muda mrefu akiulizwa jambo zuri ghafla, hushika kile anachokijua, na wewe unachokijua ni kusema "Sahihi". Nakuonea huruma kwa hilo. Lakini huruma yangu inaishia kwenye begi la safari. Ulipoliona neno lile ubaoni ulipaswa kuruka meza.

Kuna jambo jingine. Nimeisoma barua yako mwanzo hadi mwisho nikitafuta sentensi moja ya mfano uliyoitunga wewe, ya maisha yako, sikuiona. Wanafunzi wako wametoa tembo, mabao, mashati na mioyo yao. Wewe umekaa pembeni na kifutio. Unadai ukweli kwa kila anayeingia ukumbini, na wako umeufungia nyumbani kwa ufunguo. Huo si ualimu, huo ni ubahili.

Basi fanya hivi. Usimpigie simu. Usimwandikie ujumbe. Usimtume Saleh kwa namna yoyote, maana habari itafika Ruangwa kabla Makrina hajamaliza kufunga begi. Alhamisi hii nenda ukumbini, shati limepigwa pasi pande zote. Usimwite mtu yeyote mbele. Chukua chaki ya rangi (sasa unajua ulizinunua za kazi gani) na uandike neno "stay", kubaki. Toa maana yake kwa Kiswahili kama unavyowataka wao. Kisha tunga mfano wako mwenyewe, mfupi, na ndani yake umtaje kwa jina lake, Makrina. Usiandike Mama Teddy. Teddy ana mume wake Masasi na hahusiki. Darasa likikuuliza "Kweli?" usikohoe, usiangalie dari, usitafute kosa katika sentensi yako. Jibu kwa sauti ile ile uliyowafundishia.

Akikataa, mshukuru, kaa chini, na somo liendelee. Hutakufa, na utakuwa umelipa kodi uliyowatoza wenzako mwaka mzima. Akikubali, mpigie Agatha siku hiyo hiyo umwambie kwamba haikuwa redio, halafu mtafute mshenga mwenye mvi aende Ruangwa kwa dada mtu kwa heshima zote, kisha mwende kwa paroko, ambaye kwa vile mlinzi wake alichungulia dirishani, nadhani ameshaanza kutafuta tarehe.

Ukishamaliza kuandika na kujibu, mkabidhi Makrina chaki, urudi nyuma hatua moja, unyamaze. Chochote atakachokiandika, usikisahihishe, usiseme "Sahihi", na usimwite anayefuata.

Hakuna anayefuata.