Tarehe ya Friji Namba Saba

Kwa Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na mtoto. Natumaini mu wazima, na kile kikohozi chako cha asubuhi kimekuacha. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni utayasoma huko mbele. Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Barua hii nimempa dereva wetu wa lori la chanjo, anayepita huko kwako kila baada ya wiki mbili, nikamwomba akukabidhi mkononi na asisubiri majibu. Alinicheka, akaniuliza mtu wa kompyuta kama mimi amekumbwa na nini hata ashike kalamu kama mwanafunzi wa bweni. Nikamwambia kuna mambo hayatumwi kwa kubonyeza.

Ofisi yetu bado ni ile ile. Meza yako ipo chini ya dirisha, kiti chako bado kinalia upande wa kushoto, na mlinzi wa getini bado anakuulizia kila Jumatatu kana kwamba ulitoka kwenda dukani. Mafriji yapo ishirini na mawili, yananguruma ukutani mchana kutwa. Namba saba walilitoa. Pale lilipokuwa pamebaki alama ya mraba kwenye sakafu, nami kila nikipita pale natazama juu.

Habari kubwa ni kwamba mwaka huu bohari yetu ya chanjo imenunua programu mpya ya kuendesha ghala la data. Ile kazi uliyokuwa ukiifanya kwa mkono, ya kukusanya vipimo vya joto vya kila friji, kuvisafisha na kuvipanga ripoti itoke, sasa programu inaifanya yenyewe, na data zote zinakaa kwenye hifadhidata ya wingu, huko mtandaoni, badala ya ile seva yetu iliyokuwa ikipepewa kwa feni ya mezani. Mkurugenzi aliuliza nani ataisimika. Wakanitazama mimi. Ungekuwepo wangekutazama wewe, na mimi ningekushikia nyaya kama zamani.

Siku mbili nzima wingu lilikataa kutufungulia mlango. Nikaandika jina, nikaandika neno la siri, nikabembeleza, nikatukana kidogo, wapi. Mwishowe nikampigia yule mama mtaalamu wa kampuni iliyotuuzia, ana sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Akaniambia kwa upole kwamba anwani ya mtandao ya ofisi yetu haimo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, na kwamba mgeni asiyejulikana hata akibisha vizuri hafunguliwi. Tukaiandikisha, mlango ukafunguka. Kisha akanieleza kwamba humu kila mtu ana ufunguo wake, hakuna kuazimana, na kila kitu kinachoguswa kinaandikwa kimeguswa na nani na lini. Alilisema hilo kama sifa ya bidhaa. Mimi nilimwomba alirudie.

Mjomba, bado ndiye msimamizi wetu wa mafriji, alikuja kunitazama nilipoanza. Unamjua, kikombe mkononi, miwani kwenye paji la uso, anaita kila mtu mwanangu. Akanisifu mbele za watu, akasema kweli hakutulea bure alipotuchukua baada ya mama kufariki. Kisha akaniinamia sikioni akanishauri nipakie nakala ya mwisho tu ya data, ile ya mwezi huu, na lile sanduku la diski zako nilitupe, kwa sababu tunaanza ukurasa mpya na mizigo ya zamani ni ya nini. Nikamjibu ndiyo Mjomba. Tangu lini mimi nikamjibu vingine?

Sanduku lenyewe unalikumbuka. Wewe ndiye uliyeipanga ile seva ijinakili yenyewe kila siku ofisi inapofungwa, ukawa unaandika tarehe kwenye kila diski kwa kalamu yako ya kijani. Tulikutania kwamba unahifadhi hata vumbi. Siku ya kamati iliyokuachisha kazi hakuna aliyelikumbuka, na wewe mwenyewe ulikuwa umeshanyang'anywa ufunguo wa kabati.

Ningelitupa, Dada, usinipambe. Lakini yule mama wa kampuni alisisitiza kwamba thamani ya programu hii iko kwenye historia: ukiilisha nakala za zamani kwa mpangilio, inazilinganisha yenyewe na kuandika kila kitu kilianza lini na kikaisha lini. Akaniambia nijaribu kwanza na jedwali dogo. Jedwali dogo kuliko yote ni lile la mafriji yaliyo matengenezoni, yasiyohesabiwa kwenye ripoti. Nikalichukua hilo kwa uvivu wangu tu. Mara ya kwanza nikasahau kuiambia programu friji linatambulika kwa namba ipi, na orodha ya mistari tisa ikarudi na mistari elfu nne, bohari nzima imezaa mapacha. Nikacheka peke yangu. Nikarekebisha, nikaipakia tena, ikarudi mistari tisa, na kila mstari una tarehe yake ya kuanza.

Sasa nikukumbushe tulivyoambiwa, hata kama unaumia. Friji namba saba lilikuwa limejaa chanjo, na mtu aliliingiza kwenye orodha ile ya matengenezo, kwa hiyo joto lake likapanda na ripoti ikanyamaza. Chanjo zikaharibika, nyingine zikafika zahanati, watoto wakalazimika kuchomwa upya. Jina lililoonekana ni lako. Seva ya zamani ilihifadhi jina la aliyegusa mwisho, siku haikuihifadhi. Wakakuachisha kazi kwa barua ya aya mbili, na tangu hapo kila bohari uliyoomba kazi imekuuliza habari ya namba saba. Ulipokuwa ukitoka na faili lako kifuani ulinisimamisha ukumbini ukaniambia niwaulize tarehe, niwaulize tarehe tu. Nikadhani unatafuta pa kushika. Sikuuliza.

Mstari wa namba saba ulikuwa wa nne kutoka juu. Ulianza Alhamisi, tarehe kumi na nne, mwezi wa tano.

Tarehe hiyo naijua kuliko yangu ya kuzaliwa. Ndiyo ninayomnunulia mtoto wako zawadi kila mwaka, halafu naziweka kabatini kwa kuwa sijui nizitume kwa uso gani. Siku hiyo ulikuwa juu ya kitanda cha upasuaji, na mimi nilikuwa kwenye benchi la ukumbini nikiwa nimekumbatia viatu vyako.

Nitakwambia jambo la aibu. Nilipouona ule mstari sikufurahi kwa ajili yako. Nilikumbuka kwamba saa za wingu si saa zetu, nikajiambia huenda tarehe imeruka, huenda ni ya kumi na tatu, siku uliyokuwa bado kazini. Nilitamani iwe kumi na tatu. Nilitamani uwe wewe, kwa sababu ikiwa ni wewe, mimi nimepona. Nikarekebisha saa, nikaipakia upya, tarehe haikusogea. Nikafukua diski yenyewe sandukuni. Ya kumi na tatu, namba saba halimo. Ya kumi na nne, limo. Na juu yake mwandiko wako wa kijani, kwa kuwa ulipotoka uzazini ulikuja ukaziandika zote zilizokuwa zimelala bila tarehe.

Nikaenda kwa Mjomba. Sikupiga kelele, nilimwekea karatasi mezani tu. Aliisoma, akaivua miwani, akaanza kuifuta na shati. Kisha akasema kwamba fundi wa mafriji alikuwa amemwahidi kuja kesho yake, kwamba wakaguzi walikuwa mlangoni, kwamba alitaka kulificha friji siku moja tu, ripoti ipite, halafu alitoe. Fundi hakuja kesho yake, wala wiki ile, naye akasahau. Mficha maradhi, Dada, kifo humuumbua. Ila huyu alipoumbuliwa alikuwekea wewe jeneza. Nikamuuliza alilalaje usingizi miaka miwili. Akanijibu kwamba wewe ni msomi, ungepata kazi popote, lakini yeye kwa umri wake angekwenda wapi. Akaniambia pia nisisahau kwamba nami nimo. Kikulacho ki nguoni mwako, tulifundishwa hivyo tukiwa watoto, na aliyetufundisha ni yeye.

Na kweli nimo. Nimezunguka kurasa hizi zote kama kuku anayetafuta pa kutagia, nawe unajua ninapokwenda.

Asubuhi ile, kabla hawajakuingiza, ulinipa simu yako na ukaninong'oneza neno lako la siri, ili ripoti ya wiki ikikwama niingie mwenyewe. Ulinishika mkono ukasema nisimpe mtu. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba saa nne Mjomba alinipigia akasema ripoti imekwama na wageni wamefika, nimpe neno la siri yeye, mimi nibaki na mgonjwa. Nikampa, Dada. Nilimtajia herufi moja moja, nikazirudia mara mbili asikosee. Sikuona kosa, maana Mjomba ni nani kwetu?

Kamati ilipokaa alinifuata kwanza. Akaniambia friji liliingizwa kabla hujaenda kujifungua, wamethibitisha, na nikitaja habari ya simu ile nitawachanganya tu na tutafukuzwa wote wawili. Nikamwamini kwa sababu kumwamini kulinifaa. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba neno lako la siri hakuna mwingine aliyelijua, nikatia sahihi. Ulisomewa mimi nikiwapo. Uliinua macho ukanitazama, halafu ukasema huna la kuongeza. Miaka miwili nimejidanganya kwamba ulinyamaza kwa sababu ulikuwa na kosa. Nadhani sasa najua. Ulidhani ni mimi niliyelikosea lile friji, ukanisubiri niseme mwenyewe, na niliposema kinyume ukanibebea.

Majuto ni mjukuu, na wangu amezaliwa tayari ana meno. Juzi nimezipakia diski zote, kuanzia ya kwanza, na historia yote ipo kwenye wingu mahali ambapo Mjomba hana ufunguo. Leo asubuhi nimempelekea Mkurugenzi ule mstari wa nne, picha ya diski mbili, na maelezo yangu mapya yanayoyakana yale ya zamani, pamoja na habari ya simu. Aliyasoma mara mbili akaniuliza kama naelewa kwamba nimejiandikia barua ya kufukuzwa. Nikamwambia naelewa. Ameahidi kukuandikia wewe moja kwa moja kulisafisha jina lako. Nakala ya kila kitu imo ndani ya bahasha hii, ili usilazimike kuliamini neno langu.

Sikuombi msamaha leo, ningekuwa naomba cha kunipunguzia mzigo, na kwa miaka hii miwili mzigo umekuwa wako. Uliniambia niulize tarehe. Nimeuliza, Dada, nimechelewa.

Mlinzi anakusalimu, na dereva ukimwona mpe maji, njia ni ndefu. Msalimie mtoto. Zawadi zake zote mbili zimo kwenye boksi alilobeba dereva, pamoja na sanduku lako la diski. Kama hutaki ajue kwamba ana mjomba, nitakubali. Najua sasa neno hilo linaweza kumfanyia mtu nini.

Wako, yule uliyempa simu yako ashike,

Pacha wako, mdogo kwa Dakika Mbili