Paneli Zilizokosa Njia ya Amerika

Lục Ngạn, Bắc Giang
22 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Khoát,

Hujambo huko Prague? Mafua yale yamekuacha? Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri, na kila siku anakugombeza kwa kutopiga simu.

Ulisikia Wamarekani walivyozichunguza paneli zetu za sola, wakidai zinauzwa bei rahisi kwa sababu serikali inatoa ruzuku. Kabla uchunguzi haujaisha, wanunuzi walikimbia kwa kuogopa ushuru. Mwezi wa pili kiwanda chetu kikasimamisha mitambo mitatu, nasi tuliokuwa tukifunga mizigo tukarudishwa nyumbani. Miaka sita ya kazi, Khoát. Wiki nzima nilishindwa kumwambia mama.

Paneli zilijaa ghalani, na huku mjomba Quyến analia kwamba umeme ukikatika, matunda yake ya lichi yanamwozea kwenye chumba cha baridi. Nikamwendea meneja, Bi Diệp, nikamwomba aniruhusu niwauzie wakulima. Akanitazama juu hadi chini.

"Wewe Nhàn ni mfunga makasha. Kuuza umejifunzia wapi?"

"Sijajifunza, bosi. Lakini wenye mashamba wote kule ni ndugu zangu."

Akacheka, akanipa fundi na lori.

Mjomba alikuwa mgumu. Alisema vitu walivyovikataa Wamarekani haviweki juu ya paa lake. Mkewe ndiye aliyemmaliza.

"Hawajavikataa, wanataka kuvipandishia bei. Hebu nenda kamshikie fundi ngazi."

Basi wiki iliyopita, katikati ya mavuno, umeme ukakatika kijiji kizima tangu asubuhi. Chumba cha mjomba peke yake kikaendelea kunguruma. Kufikia saa nane majirani walikuwa wamejaa uani na pikipiki zenye matenga, wakiomba nafasi, naye mjomba anawaeleza habari za paneli kama vile amezitengeneza yeye. Nilicheka hadi machozi.

Kaya kumi na tisa za kijiji chetu zimeagiza, na oda za vijiji vingine zimemaliza zilizokuwa ghalani. Ushuru umepitishwa kweli, na Amerika hainunui tena. Lakini mtambo mmoja umewashwa, wenzangu thelathini wamerudi, na mimi ndiye msimamizi wa mauzo huku milimani. Mama sasa ananiita bosi, hasa anapotaka nioshe vyombo.

Nisalimie mkeo Lam, na umbusu mwanenu Mít mashavu yote mawili. Mjomba na mkewe wanawasalimu. Mababu zetu wakutangulie kila uendako, na mwakani mje mle lichi zikiwa bado baridi.

Dada yako akupendaye daima,
Nhàn