Nyuzi Nne za Fyuzi

Kwako kaka,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na watoto. Natumaini kikohozi chako kimepungua. Mimi ni mzima wa kutembea tu. Mama anakula kidogo, kwa kubembelezwa.

Nasikia bado unawaambia watu kwamba mimi, fundi umeme aliyejifunza kwa kuchungulia kazi za wenzake, ndiye niliyemuunguza baba kwa nyaya zangu. Msibani ulisema hivyo mbele ya wateja wangu. Sasa nisikilize.

Chumbani kwa baba kulikuwa na hita, jiko dogo na birika, vyote sambamba kwenye waya mmoja wa ukutani. Ukinzani wa vyote, yaani jinsi kila kimoja kinavyouzuia umeme, usiujumlishe, kaka. Kwenye sambamba haiendi hivyo. Kila unachochomeka ni mlango mpya kwa umeme: milango ikizidi, ukinzani wa jumla unashuka, mkondo unapanda. Kila kifaa kinapata volti 220 zilezile. Hita, omu 20: ampea 11. Jiko, omu 22: ampea 10. Birika, omu 27 na nusu: ampea 8. Jumla ampea 29, na ukinzani wa vyote pamoja haufiki hata omu 8. Waya ule uliweza ampea 20 tu. Ndiyo maana fyuzi niliitia uzi mmoja wa ampea 15, ukatike kabla ukuta haujapata moto. Na ulikatika kweli. Baba akitania kwamba nimemwekea askari asiyehongeka.

Juzi niliifukua fyuzi ile kwenye majivu. Nikakuta nyuzi nne, zimelazwa pamoja. Nazo ni sambamba, kaka, zinagawana mzigo: 29 kwa nne, kila uzi umebeba saba na robo. Hakuna uliokatika. Kilichoungua ni ukuta.

Niliapa nikimjua aliyefanya vile nitamtangaza mji mzima.

Jioni nikimkanda mama miguu, akaniambia nisiyajali maneno yako, yeye ni shahidi kwamba kazi yangu ilikuwa safi. Kasoro yake ni uzi kuwa mwembamba, ukikatika kila baridi ikizidi, na baba anatetemeka. Basi siku moja, akasema, alichukua waya wa fyuzi niliouacha kabatini, akakunja nyuzi nne vilevile alivyoniona nikikunja mmoja, na umeme haukukatika tena. Akatabasamu, kaka. Mara ya kwanza tangu tuzike.

Nilimjibu kwamba alikunja vizuri.

Nimekuandikia kwa sababu nataka walau mtu mmoja ajue hesabu yangu haikukosea. Barua hii ichane. Mbele ya mama, endelea kunilaumu kama ulivyozoea. Ila akianza kunitetea kwa habari ya nyuzi zake nne, na pale pana mtu anayejua umeme, mkatize upesi, hata kwa kunitukana.

Wifi msalimie sana, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi