Mlango Kabla ya Nyumba

Bura, 9 Novemba 2024

Dada yangu Mwalimu Wilkister,

Salaam aleikum. Hali huko kwenu Ugunja? Mama mzima? Na kijana wako Martin? Sisi tuko, shida ni vumbi tu.

Kwa heshima na taadhima nakutangazia wewe, mama na majirani wote kwamba mimi Jillo, niliyelala chini ya mikeka na ngozi tangu nizaliwe, sasa ninamiliki mlango. Ni wa bati na una kitasa. Nyumba bado.

Mlango ni kwa ajili ya binti yangu Tuye. Unajua sisi wafugaji hatuhami hivi hivi, lazima mtu atangulie kuangalia majani na maji. Safari hii nilitangulia kuangalia shule za serikali, kabla hazijafungwa. Upande wa Ifo nilikuta madarasa mapya, watoto wanasoma ubao bila kukwama. Nikawaambia, haya, geukeni, upeni ubao mgongo. Wakaendelea kusoma vile vile, ubao hawauoni. Nyingine, karibu na Garissa, ina geti zuri sana. Mimi niliishia hapo getini.

Shule yako, hapa Bura, paa linavuja. Lakini nilitoa mfukoni karatasi ya kufungia sukari, na msichana wa nyuma kabisa akaisoma yote, mpaka jina la duka. Nikasema basi, maji yapo hapa.

Kaka yangu Kulow ananicheka. "Majani yana mizizi, wewe. Mwalimu ana miguu." Nimemwambia hakujui.

Shule zikifunguliwa Januari utarudi hapa?

Kaka yako,
Jillo


Ugunja, 16 Novemba 2024

Kaka Jillo,

Aleikum salaam, na Bwana asifiwe pia. Sisi wazima. Mama amecheka hadi akakohoa, anauliza mgeni akija atabisha wapi. Msalimie mkeo Shukri, mwambie nimekosa maziwa yake.

Martin yuko gredi ya tano, pale Tuye atakapokuwa mwakani. Nilipofika nilimpa kitabu anisomee. Akaniangalia mimi, hakukiangalia kitabu. Darasani wamejaa, na mwalimu ni mmoja. Tuyaache hayo.

Usiharakishe kuuza mifugo, kaka. Januari tutaonana, Mungu akipenda.

Dada yako,
Wilkister


Bura, 22 Desemba 2024

Dada,

Salaam, na sikukuu njema. Mama kikohozi kimepoa?

Tumehamia. Mlango umepata nyumba, kuta za mawe, paa la bati. Ndani joto la kuchemshia chai. Ngamia nimewauza wote. Kulow amekwenda upande wa Wajir na wa kwake, hakuniaga vizuri. Shukri anaamka usiku kutafuta mbuzi ambao hatunao.

Mtu wa kwetu akikujibu inshallah, huenda amekataa kwa adabu. Nyinyi walimu mkisema Mungu akipenda, najua mmeshaandika kwenye ratiba. Tuye ameifagia nyumba yako ya shule, ndani na nje. Amenikataza kukanyaga.

Kaka yako,
Jillo


Bura, 12 Januari 2025

Dada,

Salaam. Uko salama? Mama je? Shule imefunguliwa tangu wiki iliyopita. Yuko Mwalimu Abdisalam peke yake, anakimbia darasa hili hadi lile kama mtu anayezima moto. Nimemwambia Tuye basi lako limeharibika njiani. Leo ameniuliza ni basi gani hilo halitengenezeki.

Jillo


Ugunja, 25 Januari 2025

Kaka Jillo,

Salamu nyingi kwako, Shukri na Tuye. Mama anaendelea vizuri.

Nimepata uhamisho wa kufundisha hapa nyumbani. Nilikuwa nimeuomba kabla hujanunua mlango, na najua uliununua kwa sababu yangu. Sikuamini ningekubaliwa, na niliposoma barua yako nikashindwa kukuambia. Kaka, nimefundisha watoto wa watu kusoma, wangu ananitazama usoni. Sasa niko darasani kwake. Nilitafuta pa kuishi penye mwalimu, kama wewe.

Jaribu Garissa mjini. Huko angalau walimu wapo. Nisamehe.

Dada yako,
Wilkister


Bura, 9 Februari 2025

Dada yangu,

Aleikum salaam. Sisi wazima. Mama apumzike, na Martin akifungua kitabu mwambie mjomba wake wa Bura amefurahi.

Sina neno. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Walahi, nimeshafanya hivyo hivyo. Kulow alipiga simu kusema huko aliko mvua imenyesha, majani yanafika magotini. Hakunicheka. Afadhali angecheka.

Kuhusu Garissa: kuhama kunataka ngamia, na ngamia ndio hii nyumba.

Juzi nilichungulia dirishani shuleni. Mwalimu Abdisalam alikuwa darasa la pili, wa darasa la Tuye amewaachia ubao wa wiki iliyopita. Tuye alikuwa amesimama mbele, anasoma. Alisoma mstari kwa mstari, hakukosea hata neno.

Ubao alikuwa ameupa mgongo.

Kaka yako,
Jillo