Mama Mkwe Dirishani

Jumanne, Julai 1955

Sijamwambia mtu yeyote: ile damu haikumwagika. Nilidanganya.

Kazi yangu pale zahanati ni kuongeza maji kwenye tone la damu mpaka rangi yake ilingane na kioo cha kupimia. Damu nzito hunywa maji mengi, hafifu machache. Leo alikuja Zuhura, mjamzito, na mama mkwe wake. Mama huyo akasimama dirishani, akanizibia mwanga. Niliona haya kumwambia asogee. Kivulini rangi hazitofautiani, nikapitiliza maji, nikaandika damu inatosha. Zuhura akarudi Kariakoo bila dawa.

Walipoondoka nikainua juani kichupa chenye damu yake. Kilikuwa kimepauka kuliko kioo.

Nikawafuata kwa miguu, vifaa kikapuni.

“Shikamoo mama. Damu imemwagika, naomba nyingine.”

“Marahaba. Ya asubuhi mmempelekea mumiani?” Alicheka, ila mlango aliufungua nusu tu.

Nilipima uani, penye jua. Matone machache ya maji, rangi ikalingana. Damu yake ni hafifu kabisa. Jioni nikarudi naye zahanati, Daktari akampa dawa.

Miguu inaniuma. Kesho nitajikaza niseme, “Mama, naomba usogee.” Haya mengine yabaki kwako, shajara yangu. Daktari asijue.